Sura ya Nne: Umri wa Mlio

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanza mwaka 1958 katika nchi ya Ankole, Uganda, wamo Warundi, ambao ngoma yao ni gogo lililochimbwa na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, na Wanyarwanda, ambao inanga yao ni ubao uliochongwa bonde, uzi mmoja mrefu ukapitishwa juu yake huku na huko hata ukawa nyuzi kadhaa. Na msikilizaji makini hakosi kujiuliza kwa nini kishindo cha ngoma, kisikikacho mbali, hukatika mara, ilhali uzi wa inanga, ambao aghalabu hausikiki nje ya ua, hukawia kunyamaza.

Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda kule Kampala hadi 1957, alipima namna ala za nchi hii zinavyolinganishwa sauti. Umri wa mlio ni bahari nyingine. Sauti ifayo haipungui kwa kiasi kilekile, bali kwa sehemu ileile: ikiwa nusu ya nguvu yake imetoweka katika muda fulani, muda mwingine kama huo utachukua nusu ya ile iliyosalia, na hivyo kwa hesabu tupu haimaliziki kamwe. Ilibidi basi kuwekwe mpaka, nao ni desibeli 60, yaani nguvu kubaki sehemu moja katika milioni. Asili ya kipimo hiki ni kazi ya Wallace Sabine wa Harvard, aliyeanza mwaka 1895 kupima kumbi, si ala, usiku mji ulipotulia, kwa filimbi ya kinanda, saa na masikio yake mwenyewe.

Hakuna haja ya kungoja desibeli zote 60: mlio ukishuka 20 katika nusu sekunde, umri wake ni sekunde moja na nusu. Walakini mstari huo wa kushuka mara nyingi hupinda. Uzi utikisikao kuelekea ubaoni hunyang'anywa nguvu upesi, na utikisikao kwa ubavu huitunza, ndiyo sababu mlio huanza kwa kuporomoka kisha ukasuasua. Na sauti nyembamba zilizomo ndani yake hufa mbele ya zile nene. Ama ngozi ya ngoma, kwa upana wake, huisukuma hewa nyingi kwa pigo moja, ikatoa karibu mali yake yote papo hapo: ukarimu huo ndio kishindo, na ndio ufupi wa maisha.

Anayetaka kupima asiipeleke ngoma katika ukumbi wa mjini Mbarara wenye kuta za saruji, kwani mwangwi utaishi kuliko ngoma yenyewe, naye atakuwa amepima jengo. Apige mara moja tu, uwanjani, kinasa sauti kikiwa karibu. Simu ya mkononi yafaa, ila nyingi hujiongezea usikivu kila sauti inapofifia, na rekodi ya namna hiyo haina thamani yoyote kwa mpimaji.