Maendeleo Yanayodumu ni Kinga ya Afya

Siku hizi maneno "maendeleo endelevu" yanasikika kila mahali: redioni, kwenye semina na kwenye mikutano ya vijiji. Mgeni akija kufungua mradi, hayakosi katika hotuba yake. Lakini tukiulizana maana yake, wengi wetu hunyamaza, au husema hayo ni mambo ya mabwana misitu.

Kwa nini basi tuyalete katika ukurasa huu wa afya? Ni kwa sababu magonjwa mengi yanayowaleta akina mama na watoto kwenye zahanati zetu, kama vile kuhara, kikohozi na utapiamlo, chanzo chake hakimo mwilini. Huanzia kisimani, jikoni na shambani. Mahali hapo pakiendelea kuharibika, dawa itatibu leo, na mwezi ujao mgonjwa yule yule atarudi.

MAANA YAKE NI NINI?

Mwaka 1983 Umoja wa Mataifa uliunda tume ya kuchunguza mazingira na maendeleo ya dunia. Mwenyekiti wake alikuwa Mama Gro Harlem Brundtland wa Norway, ambaye kwa taaluma ni daktari wa binadamu. Baadaye, kuanzia mwaka 1998 hadi 2003, aliliongoza Shirika la Afya Duniani. Tume ilitoa ripoti yake mwaka 1987, na kutoka hapo neno hili lilienea. Kwa maneno yetu, fundisho lake ni hili: tujipatie mahitaji yetu ya leo kwa namna ambayo haitawanyima watoto na wajukuu wetu uwezo wa kujipatia yao.

Mkulima analielewa jambo hili bila semina. Familia yenye njaa ikila mbegu, leo itashiba, lakini msimu ujao haitakuwa na cha kupanda. Msitu, udongo na chemchemi ni mbegu za kijiji kizima.

Wataalamu husema maendeleo ya namna hii yana mambo matatu: uchumi, jamii na mazingira. Sisi tunaweza kuyaita mafiga matatu. Ukiondoa figa moja, chungu kinamwagika. Kijiji chenye fedha lakini kisicho na maji safi hakijaendelea. Vivyo hivyo, kijiji chenye msitu mzuri ambao watu wake wanakufa njaa hakijaendelea.

FUNDISHO KUTOKA SHINYANGA

Tuutazame mfano wa kweli wa hapa kwetu Tanzania. Zamani nchi ya Wasukuma ilikuwa na miti mingi. Wakati wa ukoloni vichaka vilifyekwa katika maeneo makubwa ili kuwaondoa mbung'o, wale wadudu wanaoeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Nia ilikuwa njema, tena ya kiafya. Baadaye mashamba ya pamba yalipanuka na mifugo ikaongezeka. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, na wengi waliacha nyuma maeneo waliyokuwa wakiyatunza tangu enzi za wazee wao. Ikafika miaka ya 1980, sehemu kubwa za Shinyanga zilikuwa tupu, zikipigwa na upepo na vumbi.

Tufikirie maana yake kwa afya ya familia. Kuni zikiwa mbali, mama hutumia saa nyingi njiani, na mtoto mchanga hunyonya kwa kuchelewa. Kuni zikikosekana kabisa, watu huchoma mabua na samadi. Moshi wake ni mkali, na shamba hukosa mbolea. Shamba likikosa mbolea mavuno hupungua, na mtoto hudhoofika. Nyasi zikiisha, ng'ombe hawatoi maziwa, na maksai wanakuwa dhaifu wakati wa kulima. Tunaona basi kwamba mti mmoja uliokatwa bila kufikiri unaweza kufika mpaka kwenye mizani ya kliniki.

Mwaka 1986 ulianzishwa mpango ulioitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI. Mwanzoni mkazo uliwekwa kwenye kupanda miche. Lakini wataalamu waligundua kwamba Wasukuma walikuwa tayari na ujuzi wao wenyewe, nao unaitwa ngitili. Maana yake ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, ili nyasi na miti vipate kukua. Hufunguliwa wakati wa kiangazi kikali, pale ambapo mahali pengine pote malisho yamekwisha. Kuna ngitili za familia, na kuna ngitili za kijiji. Wahenga walisema, akiba haiozi.

Basi badala ya kuwaletea watu jambo geni, mpango ule uliwasaidia kurudisha jambo lao. Sheria zilipangwa na wananchi wenyewe katika mkutano wao wa jadi uitwao dagashida, na sungusungu walisaidia kuzilinda. Aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alitozwa faini. Mahali pengi hapakuhitaji hata kupanda miti, kwa maana mizizi ilikuwa bado hai chini ya ardhi. Ilipopumzishwa, migunga ikachipuka yenyewe.

Mpango ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. HASHI ilipofikia mwisho wake mwaka 2004, zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, kabla ya Simiyu kuwa mkoa wake mwaka 2012. Mwaka 2002 mpango huo ulipewa Tuzo ya Ikweta na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP. Familia zilipata kuni karibu, nyasi za kuezekea, matunda ya porini, asali, miti ya dawa na maziwa wakati wa kiangazi.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Wenye ardhi na ng'ombe wengi ndio waliopata ngitili kubwa, na maskini wasio na ardhi walifaidika kidogo. Tena vichaka viliporudi, wanyama kama fisi nao walirudi kusumbua mifugo. Kazi ya maendeleo haimaliziki kwa siku moja.

MISINGI MITANO YA KUKUMBUKA

Kutokana na mfano huo, na yale yaliyokubaliwa na mataifa katika mkutano wa Rio de Janeiro, Brazil, mwaka 1992, tunaweza kutaja misingi mitano.

1. Mtu ndiye kiini. Tamko la Rio linaanza kwa kumweka binadamu na afya yake katikati ya maendeleo. Mradi unaowaachia watu ugonjwa haufai, hata kama unaleta fedha.

2. Wananchi washirikishwe. Ngitili zilidumu kwa sababu sheria zilitoka dagashida. Na akina mama wasisahauliwe, maana wao ndio wanaojua kuni na maji viko umbali gani.

3. Tahadhari. Tusingoje madhara yaonekane wazi ndipo tuchukue hatua. Waliofyeka vichaka walitaka kufukuza ugonjwa, lakini baada ya muda ardhi ikabaki wazi. Kabla ya kukata, kuchimba au kumwaga dawa, tuulize: baada ya miaka kumi itakuwaje?

4. Anayechafua alipe. Mwenye mashine, kiwanda au machimbo asiwaachie majirani uchafu wake na gharama za matibabu.

5. Haki. Faida isiwe ya wachache wa leo tu. Maskini wa leo wana haki, na watoto ambao hawajazaliwa wana haki pia.

Kipimo chepesi ni kisima cha pampu. Tusiulize tu nani alikijenga. Tuulize: pampu ikiharibika, nani ataitengeneza? Vipuri vinapatikana wapi? Kamati ipo? Senti za kila mwezi zinachangwa, na daftari linasomwa mbele ya wote? Kama hakuna jibu, kisima hicho ni zawadi tu, na siku kitakapokufa watu watarudi kwenye dimbwi, na kuhara kutarudi pamoja nao.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo kama milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Kati ya hao walikuwamo watoto wengi wenye umri chini ya miaka mitano, ambao moshi huwaongezea hatari ya kupata nichumonia. Tutumie kuni zilizokauka vizuri. Tuloweke maharage usiku kucha kabla ya kuyapika. Tufunike sufuria. Tujenge jiko sanifu, na jiko liwe na mahali pa kutokea moshi. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni karibu na moto. Kwa njia hizo tunaokoa mapafu, na miti pia.

Maji ya kunywa. Kuchemsha ni njia nzuri, lakini hula kuni. Panapo jua, iko njia nyingine. Chukua chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, ya lita 1 au 2. Jaza maji yaliyo meupe, funga, uilaze kwenye jua kali kwa saa 6. Kukiwa na mawingu, iache siku 2 mfululizo. Maji ya tope yachujwe kwanza na kuachwa yatulie. Njia hii huua vijidudu vingi vya magonjwa, ila haiondoi chumvi, madini wala sumu za shambani.

Shambani na kijijini. Tusilime kwenye kingo za mto wala juu ya chemchemi. Choo kijengwe mbali na kisima, tena upande wa chini. Kila familia iache kipande, hata kiwe kidogo, kipumzike na kuota miti. Na mkutano wa kijiji ukiitishwa kuhusu maji au msitu, twende. Ye yote asiyefika asilalamike baadaye kwamba wengine waliamua kwa niaba yake.

Ndugu wasomaji, hatuhitaji kungoja mfadhili ili kuanza. Watu wa Shinyanga waliifunga ardhi ipumzike, wakavumilia, nayo ikawarudishia. Jumapili hii, baada ya chakula, tukae na watoto wetu tuwaulize wazee: zamani chemchemi zilikuwa wapi, na miti gani ya dawa imetoweka? Kisha tukubaliane kama familia jambo moja tutakaloliacha lipumzike mwaka huu, ili wajukuu walikute. Kinga ni bora kuliko tiba, na ardhi iliyotunzwa ni kinga ya kijiji kizima.