Bahari iko hapo tu, sasa mbona Mombasa inadishi samaki wa kontena?

Cheki hii. Umeshuka SGR pale Miritini, umeingia kisiwani, njaa inakumaliza. Unakaa kwa kibanda, upepo wa bahari unakupiga usoni, unaitisha samaki na ugali. Sahani inafika. Ni tilapia.

Manze, tilapia! Huyo ni samaki wa ziwa na bwawa, hana habari na Bahari ya Hindi. Inawezekana ametoka Ziwa Victoria, na inawezekana vilevile ametoka Uchina akiwa amegandishwa. Na ucheke kidogo: tilapia asili yake ni huku kwetu Afrika, mto Nile na maziwa yake. Wachina wakamfuga mpaka wakawa namba moja duniani. Sasa anarudi nyumbani kwa kontena na kushushiwa Kilindini, bandari iliyo kisiwa hicho hicho, huku mvuvi wa Old Town akisubiri bahari itulie.

Na hapo kwa bahari kutulia ndipo stori inaanzia. Pwani ina pepo mbili. Kaskazi inavuma kama Novemba hadi Machi, maji yanakuwa poa, jodari na nguru wanapatikana, na bei inashuka kiasi. Halafu kuanzia kama Aprili inaingia kusi. Mawimbi yanakuwa noma, na wasee wengi wanavua kwa mitumbwi, ngalawa na mashua ndogo. Ukiwa na chombo kama hicho huwezi kuvuka mwamba uende kilindini wakati wa kusi, labda uwe umechoka kuishi. Kwa hivyo unavua ndani ya mwamba, pale pale kila mtu anavua, unarudi na tafi wachache na changu wadogo.

Samaki wa bwawa hajui kusi wala kaskazi. Analishwa, anakua saizi moja na wenzake, anaingia friza, anapatikana mwezi wowote. Mama karanga, yule mathe anayekaanga samaki jioni kando ya barabara, anajua akinunua katoni atapata vipande vingapi na atabaki na ganji ngapi. Tafi wa leo hana uhakika huo. Mimi siwezi kumlaumu mathe, ana watoto wa kusomesha.

Halafu kuna tajiri. Sio tajiri wa magari, hapana. Pwani, tajiri ni yule anayemkopesha mvuvi nyavu, injini au hela ya mafuta, na mvuvi naye anamuuzia yeye samaki wote, bei akipanga yeye. Mvuvi akikosa barafu ndio kabisa, kwa sababu samaki hawezi kungoja mteja mwingine kwa jua la Mombasa. Wale wazuri, kamba, nguru, jodari, wanaenda hoteli za watalii. Pweza wanasafirishwa kwenda Ulaya. Mtaani kinabaki kile ambacho hao wengine hawakutaka.

Wanasiasa nao walishaingia. Oktoba 2018, Uhuru Kenyatta akiwa rais alikutana na wafanyabiashara wadogo na akasema wazi samaki wa Uchina wanaumiza watu wetu. Kelele ilikuwa kubwa. Lakini samaki wa Kenya hawatoshi, na sehemu kubwa ya wale tunaovua inatoka maziwani, sio baharini. Ukifunga mlango wa Kilindini bila kumpa mvuvi boti kubwa na barafu, sahani ya mathe inabaki tupu tu.

Na kuna kitu wale wa "dishi cha nyumbani" huwa wanaruka: mwamba umechoka. Kisiwa kizima kikiamua leo kula changu na pono wa hapa, watavuliwa hata wale hawajazaa. Kuruwitu, kule Kilifi, wavuvi wenyewe waliamua kufunga kipande cha bahari, wanakiita tengefu, hakuna kuvua humo. Samaki wakarudi, wakazaana, wengine wakatoka nje ya mpaka wakaingia kwa nyavu. Kwangu mimi hiyo ina maana kuliko hotuba kumi.

Kwa hivyo ukishuka Mombasa, uliza kabla uitishe. Wa friza sio sumu, ila usimlipie bei ya samaki wa asubuhi. Mbichi macho yake yanang'aa, matamvua ni mekundu, na ukimbonyeza nyama inarudi. Kaskazi ikivuma, itisha jodari. Kusi ikichafuka, dishi dagaa au tafi na usilalamike saizi. Ukiona kamba mdogo kama kidole, au samaki wa juya, ule wavu uliopigwa marufuku kwa kukokota kila kitu hadi vifaranga, wachana naye.

Mimi siku hiyo nilimaliza tilapia yangu, nikamuuliza mathe mbona hana changu. Akanyoosha kidole tu kule baharini, mawimbi yalikuwa meupe mpaka kwa mwamba.