Mlinzi wa Nyuma Aliyeitika Mwito wa Hija

Vijana wetu wa chuoni hawachoki kutuuliza: “Maalim, mpira ni haramu?” Nasi hatuchoki kuwarudishia swali: “Adhana ya Magharibi ilipolia jana, wewe ulikuwa wapi?” Hapo mmoja hukuna kichwa, na mwengine hutazama mkeka. Kwani si mpira wenyewe tuuogopao. Twaiogopa ile saa ambayo mchezo na ibada hukutana katika njia moja nyembamba, na kimoja hakina budi kukipisha kingine.

Basi, baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), twawaletea wazazi na vijana habari za mtu aliyekutwa na saa hiyo zaidi ya mara moja, wala si katika mchezo wa jioni wa kujipumbaza, bali katika kazi iliyompa riziki na jina. Naye ni Husain Abdullah, Mwislamu wa Marekani, aliyecheza misimu saba katika ligi kubwa ya mpira wa Kimarekani, iitwayo NFL, baina ya 2008 na mwanzo wa 2016.

Mchezo wenyewe

Wamarekani huuita mchezo huo futiboli, lakini sio mpira tuujuao sisi. Mpira wake umechongoka ncha mbili, mfano wa yai refu, nao hubebwa na kurushwa kwa mikono zaidi kuliko kupigwa kwa miguu. Kila upande huwa na watu kumi na mmoja uwanjani, wamevaa kofia ngumu za kuhifadhi kichwa na ngao za mabega. Upande mmoja hushambulia kwa kuuchukua mpira kuelekea mwisho wa uwanja, na afikaye nao ng'ambo ya mstari huipatia timu yake pointi sita. Upande wa pili kazi yao ni kuzuia.

Katika hao wazuiao wako walinzi wa nyuma, wasimamao mbali na msukumano wa mbele. Mlinzi wa nyuma humtazama arushaye mpira, hukisia utaangukia wapi, humwangusha aliyeupokea, na akijaliwa huunyaka hewani kabla haujamfikia aliyetumiwa. Mlinzi wa mbele akikosea, wako nyuma yake watakaomsitiri. Lakini huyu wa mwisho akikosea, hana wa kumsitiri, na maelfu ya watu wanamtazama. Hapo ndipo alipokuwa akisimama Husain.

Nyumba aliyotoka

Husain alizaliwa Los Angeles, katika jimbo la California, tarehe 27 Julai 1985, katika nyumba ya Kiislamu yenye watoto kumi na wawili. Kaka yake Hamza, aliyemtangulia kwa kiasi cha miaka miwili, naye alikuwa mlinzi wa nyuma. Wote wawili walisoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington.

Kila mwaka timu za ligi ile huwachagua vijana kwa zamu kutoka vyuo vikuu. Hamza alichaguliwa mwaka 2005 na timu ya Tampa Bay Buccaneers, katika duru ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho. Ilipofika zamu ya Husain, mwaka 2008, majina yaliitwa mpaka yakesha, na lake halikuwamo. Minnesota Vikings wakamchukua bila ya kuchaguliwa, kama mtu wa kujaribiwa. Kijana wa namna hiyo huweza kurudishwa kwao siku yoyote. Yeye alivumilia, akajifunza, na ulipofika msimu wa 2010 alikuwa miongoni mwa wale wanaoanza mchezo.

Ramadhani katika jua la Agosti

Mwaka huo wa 2010, mwezi wa Ramadhani uliingia tarehe 11 Agosti, wakati ambao timu zimo katika mazoezi makali ya kujitayarisha kwa msimu. Jua la majira yale ni kali, mchana ni mrefu, na mchezaji hutoka jasho chini ya mzigo wa mavazi yake. Hebu fikiri, ndugu msomaji, hali ya kijana aliyeingia kwa kujaribiwa, anayetaka kuthibitika katika nafasi yake, ambaye hanywi hata funda la maji mpaka jua lizame.

Husain alifunga. Wakubwa wa timu waliingiwa na wasiwasi juu ya afya na uzito wake, na hilo si ajabu kwa watu wasioijua saumu. Lakini hakugombana nao wala hakujificha. Aliwaeleza dini yake, na mtaalamu wa chakula wa timu akamsaidia kupanga daku na futari, na kiasi cha maji ya kunywa usiku. Ulamaa wetu wa madhehebu ya Imamu Shafi wamefundisha kwamba mwenye kazi nzito hutia nia usiku na kuamka amefunga, na yakimfika mchana mashaka asiyoyaweza, ana ruhusa ya kufungua kisha akalipa. Wangapi katika sisi huanza na ruhusa kabla ya nia, nasi kazi yetu ni kukaa kivulini?

Mwaka bila mpira

Mkataba wake na Minnesota ulimalizika baada ya msimu wa 2011. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, nao ni umri ambao mchezaji hutafuta mkataba mnono. Lakini msimu wa mchezo ule huanza Septemba na kuingia mwaka mpya, na Hija ya mwaka 2012 ilikuwa inaangukia mwezi wa Oktoba, katikati ya msimu.

Mtu angeweza kumwambia: Subiri. Mwaka wa Kiislamu huutangulia wa miladi kwa siku kama kumi na moja, basi baada ya miaka michache Hija itatoka nje ya msimu, nawe utahiji pasi na hasara. Hesabu hiyo ni sahihi, kwani Hija ya mwaka 2017 ilifika mwisho wa Agosti. Lakini nani aliyempa mwanadamu dhamana ya kuishi mpaka hapo? Hija ni faradhi mara moja katika umri kwa mwenye uwezo, na uwezo ni neema iondokayo bila ya kupiga hodi.

Husain na Hamza wote wawili wakauacha msimu wa 2012. Katika Ramadhani ya mwaka ule walizunguka misikiti ya miji mbalimbali ya Marekani, wakakutana na Waislamu wenzao. Kisha wakaenda Makka. Siku ya Alkhamisi, tarehe 25 Oktoba, wenzao walipokuwa wakijitayarisha kwa mchezo wa juma lile, mahujaji walikuwa wamesimama Arafa, wamevaa nguo mbili nyeupe, wala hapana awezaye kumtambua mwenye jina na asiye na jina.

Hapa twataka vijana wasikie vizuri. Mwanzo wa mwaka 2013 timu ya Kansas City Chiefs ilimwita Husain, naye akarudi kazini. Lakini Hamza hakupata kucheza tena katika ligi ile. Walitoka pamoja kwa ajili ya ibada moja, na mmoja tu ndiye aliyefunguliwa mlango ule wa zamani. Kwa hivyo tusiwafundishe watoto kwamba anayeacha kitu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hurudishiwa kile kile. Malipo yapo, lakini si sisi tuchaguao sura yake.

Usiku wa sijda

Hata kwa Husain, kurudi hakukuwa asali tupu. Tarehe 4 Januari 2014, katika mchezo wa mtoano na Indianapolis Colts, aliunyaka mpira wa wapinzani mara mbili, na timu yake ilifika kuongoza kwa pointi 38 kwa 10. Walakini walishindwa kwa 45 kwa 44. Mtu hufanya kazi yake vizuri, na matokeo yakabaki si yake.

Kisha ukafika usiku wa Jumatatu, 29 Septemba 2014, katika siku kumi za mwanzo za Mfungo Tatu, mahujaji wakikusanyika Makka. Kansas City walicheza na New England Patriots, timu ya Tom Brady, mrushaji mashuhuri kuliko karibu wote wa zama zake. Brady akarusha, Husain akaunyaka, akakimbia nao yadi 39 mpaka ng'ambo ya mstari. Alikuwa amekwisha azimia kwamba akijaliwa jambo hilo atasujudu. Akateleza kwa magoti, akaweka kipaji chini.

Mwamuzi akatupa kitambaa cha manjano, na timu yake ikatozwa adhabu ya yadi 15, kwani kanuni ilimkataza mchezaji kushangilia akiwa chini. Watu wengi, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, waliuliza mbona wengine hupiga magoti kuomba na hawaadhibiwi. Kesho yake wakuu wa ligi wakatangaza kwamba haikustahili aadhibiwe, kwa kuwa kanuni haikukusudia kuzuia ibada. Na Husain mwenyewe? Hakutukana wala hakulalama. Alisema kwamba huenda ilikuwa ni kwa sababu ya kule kuteleza, na kwamba mara nyengine atasimama kwanza, kisha ndipo asujudu.

Sijda ya shukuru ni sunna kwa mtu aliyefikiwa na neema mpya au aliyeepushwa na balaa, nayo ina masharti yake: tohara, kuelekea kibla, na kipaji kugusa ardhi. Yaliyokuwa kwa Husain usiku ule ni baina yake na Mola wake, wala hatumfanyi mchezaji kuwa mufti. Atakaye kuifuata sunna hii na ajifunze kwa maalim wake. Tuchukualo kwake ni kwamba katika saa ambayo watu humsifu mtu, yeye alikumbuka kumsifu aliyempa.

Mwisho wa safari

Mchezo ule una mapigo makali, na wazee wetu wana haki ya kuuliza kama yafaa mtu kuuhatirisha mwili wake hivyo. Jibu la Husain lilikuja kwa vitendo. Baada ya kupata mtikisiko wa ubongo wa tano, alitangaza mwezi Machi 2016 kwamba anaacha, naye alikuwa na miaka thelathini. Alieleza kuwa anataka kuwafaa watu wake na wengineo, na kwa hilo yahitajiwa akili timamu. Kuhifadhi akili ni mojawapo ya mambo matano ambayo sharia imekuja kuyalinda, kwa hiyo hatukuona kwamba amekimbia kazi. Tumeona amerudisha amana ikiwa bado nzima.

Enyi wazazi, msiwanyang'anye watoto mpira mkadhani mmewapa dini. Wafundisheni kuuweka chini adhana ikilia, kwani mkono uliozoea kuuacha mpira kwa sala ya Magharibi ndio utakaoweza kesho kuiacha biashara, na cheo, na mkataba, utakapokuja mwito mkubwa zaidi. Nanyi vijana, chezeni mkiwa na saa moyoni. Jioni ya leo, mwadhini akianza, tutatazama nani wa kwanza kufika kisimani kutia udhu.

Wabillahi taufiq.