SGR: Economy Ndio Form

Mbogi ikishasema inashuka Coasto, inabaki swali moja tu: unabeba tiketi gani? Treni ya SGR, Madaraka Express, iko na tatu. Tangu Januari 2024, economy ya Nairobi hadi Mombasa ni 1,500. First class 4,500. Alafu kuna premium, 12,000. Soma tena, manze. 12,000 ni economy nane. Hiyo ni mbogi mzima, na wote wamekaa.

Economy unapata nini? AC, kiti, na ndovu wa Tsavo kwa dirisha, bure. Viti ni tatu huku, mbili kule, mnaangaliana goti kwa goti na msee hujawahi muona. Masaa tano hivi. Ukifika unajua goti lake kuliko la dem wako. Dishi haiko kwa bei. Trolley inapita ikiuza, na bei zake zinauma, so manga vizuri kabla utoke mtaa.

First class viti ni mbili mbili. Goti linapumua. Kwa hiyo pumzi umeongeza 3,000, tiketi mbili za economy, na dishi bado unanunua! Hapo mimi nakataa.

Premium dishi na vinywaji viko ndani ya bei, na kiti ni ya kisonko. Fiti. Kama kuna mtu anakulipia, ingia na upige picha zote. Kama ni ganji yako, sare. Msee wa 12,000 na wa 1,500 wanashuka stesheni ya Miritini dakika ile ile.

Wazee nao hawanyamazi. Ati treni ya zamani first class ilikuwa na kitanda, shuka na dinner kwa tiketi. Sawa buda, lakini mlikuwa mnalala njiani. Shuka ilikuwa lazima!

Discount ya ukweli ni ya watoi: chini ya miaka 3 bure, 3 hadi 11 nusu bei. Kusema broda yako wa form two ako na 11 ni aibu, wacha. Na kama hufiki Mombasa, unashukia Voi ama Emali, panda treni ya inter-county ya asubuhi, unalipa ya umbali wako tu.

Na kumbuka tiketi haikufikishi beach. Stesheni ziko Syokimau na Miritini, so weka kando doo ya mat pande zote mbili.

Economy ndio form. Piga *639# mapema, lipa na M-Pesa, kabla familia za holiday zimalize viti.