Shilingi ikiyumba Nairobi, sufuria hupungua Namanga hadi Arusha

NAMANGA. Gunia la vitunguu halipungui uzito linapovuka kutoka Namanga ya Tanzania kwenda Namanga ya Kenya. Kinachoweza kupungua ni thamani ya noti zinazolipwa upande wa pili. Kati ya mwaka 2022 na Januari 2024, noti hizo zilipungua thamani kiasi cha kula mitaji ya watu ambao mzigo wao haukuoza wala kukamatwa.

Mwanzoni mwa 2022 shilingi moja ya Kenya ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 20 za Tanzania. Kwa mfanyabiashara wa mpakani hiyo ilikuwa hesabu ya kichwa: bei ya Kenya zidisha kwa 20, toa gharama, kinachobaki ni chako. Kufikia Januari 2024, shilingi hiyo hiyo ilikuwa haifiki 16.

Chukua mfano wa mama anayenunua gunia la vitunguu kwa TSh 150,000, gharama za kulifikisha mpakani zikiwemo, na kuliuza upande wa Kenya kwa KSh 9,000. Kwa kiwango cha 20, anarudi na TSh 180,000. Faida ni TSh 30,000 kwa gunia, na kwa magunia kumi ni TSh 300,000. Hapo kuna kodi ya chumba, ada ya mtoto na rejesho la kikundi.

Kwa kiwango cha 16, KSh 9,000 zile zile zinampa TSh 144,000. Ameuza mzigo wote, amelipwa taslimu, hakuna aliyemdhulumu, lakini amepoteza TSh 6,000 kwa kila gunia. Magunia kumi yamemtoa TSh 60,000 mfukoni.

Njia ya kujiokoa inaonekana rahisi: apandishe bei. Ili apate TSh 180,000 zake za zamani, gunia lilipaswa kuuzwa KSh 11,250. Tatizo ni kwamba mnunuzi wa upande wa Kenya naye, katika miezi hiyo hiyo, alikuwa akihesabu sarafu za mwisho.

Mzizi wa anguko

Shilingi ya Kenya haikuanguka kwa sababu ya kitunguu. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa takriban KSh 113. Kuanzia Machi mwaka huo benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba, na fedha za wawekezaji zikavutwa kurudi huko. Dola ikawa adimu na ghali karibu kila mahali barani Afrika.

Kenya ilikuwa na mizigo yake ya ziada. Misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa imefeli katika maeneo kame, hivyo chakula kilihitajika kutoka nje. Mafuta yote yananunuliwa kwa dola. Juu ya hayo, deni la Eurobond la dola bilioni 2 lililokopwa mwaka 2014 lilitakiwa kulipwa kwa mkupuo Juni 2024, na soko likaingiwa na hofu kwamba huenda lisilipike. Aprili 2023, mishahara ya watumishi wa serikali ilichelewa wakati Hazina ikipambana na malipo ya madeni. Kila aliyekuwa na dola aliikumbatia. Januari 2024 dola moja ilivuka KSh 160.

Shilingi ya Tanzania nayo haikuwa salama, maana mwaka 2023 wafanyabiashara wengi nchini humo walihangaika kutafuta dola. Lakini iliteleza polepole kuliko ya Kenya, na pengo la mwendo kati ya sarafu hizo mbili ndilo lililomuumiza mtu wa Namanga, Sirari na Holili.

Mshahara unaponyolewa

Kwa familia za Kenya, kuporomoka kwa shilingi kulikutana na makato mapya. Februari 2023 mchango wa mfanyakazi kwa mfuko wa NSSF, ambao kwa miaka mingi ulikuwa KSh 200 kwa mwezi, ulipanda hadi kufikia KSh 1,080 kwa wenye mishahara ya kuanzia KSh 18,000. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaongeza tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara, na kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ikapandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16.

Kwa mtu anayelipwa KSh 50,000, makato hayo mawili ya mshahara peke yake yaliongezeka kwa KSh 1,630 kwa mwezi. Hata ukiondoa nafuu ya kodi inayotokana na mchango wa NSSF, kilichotoka ni sawa na karibu pakiti saba za unga za kilo mbili, kwa bei ya KSh 200 iliyokuwa ikilipwa na kupitwa mwaka huo.

Septemba 2023 petroli jijini Nairobi ilifika KSh 211.64 kwa lita. Mafuta ya taa, ambayo ndiyo jiko na taa ya nyumba nyingi za kipato cha chini, yalikuwa KSh 202.61. Nauli ikapanda, na bei ya kila kinachosafirishwa ikafuata.

Familia haifilisiki kwa siku moja. Huanza kwa kupunguza. Mafuta ya kupikia yanayonunuliwa kwa chupa yanaanza kununuliwa kwa kipimo, ule utaratibu ambao Wakenya huuita uchumi wa kadogo. Nyama inahamia Jumapili. Vitunguu vitatu kwenye mboga vinakuwa kimoja. Ikifika Januari, mwezi ambao kwa mzaha wenye machungu huitwa Njaanuari, karo na sare za shule humaliza kilichobaki.

Kitunguu kimoja badala ya vitatu kinaonekana kidogo kikiwa jikoni kwa mtu mmoja. Kikizidishwa kwa nyumba za mtaa mzima, muuza mboga anayechukua gunia kila baada ya siku tatu sasa anachukua moja kwa wiki, na hataki kusikia habari ya KSh 11,250. Wakikutana katikati, kwa KSh 10,000, mama wa Namanga anapata TSh 160,000. Faida yake imeshuka kutoka TSh 30,000 hadi TSh 10,000 kwa gunia, na magunia yenyewe yamepungua.

Vibarua vinavyokufa kimyakimya

Takwimu za ajira huwahesabu zaidi wenye mikataba. Mpakani, kazi nyingi hazina barua ya kuajiriwa, na kwa hiyo hazina barua ya kuachishwa.

Mpagazi hulipwa kwa gunia. Mzigo ukishuka kutoka magunia kumi hadi sita, kipato chake kimepungua kwa asilimia 40 bila mtu yeyote kumfukuza. Utingo wa lori hulipwa kwa safari, na mwenye gari anayesubiri mzigo ujae humpunguzia safari. Mama lishe anayewapikia wote hao hupima mchele pungufu kila asubuhi, kisha humwambia binti anayeosha vyombo aje siku za gulio tu. Bodaboda huchoma mafuta ya bei mpya kutafuta abiria anayetaka nauli ya zamani.

Katika maduka ya upande wa Kenya, pigo lingine lilitoka kwenye mikopo. Benki Kuu ya Kenya, ikijaribu kuzuia mfumuko wa bei na kuinua shilingi, ilipandisha riba yake elekezi kutoka asilimia 7 kabla ya mwisho wa Mei 2022 hadi asilimia 13 Februari 2024. Mwenye duka aliyezoea kukopa ili kujaza rafu aliona rejesho likikua wakati mauzo yakinywea. Njia ya haraka ya kupunguza gharama ni kumpunguza msaidizi wa duka.

Kwa upande wa Tanzania, aliyeishiwa mtaji aligeukia mikopo ya mtaani ambayo jina lake linajieleza: kausha damu. Mtu anakopa kuziba hasara ya kiwango cha fedha, kisha analipa riba ya kila wiki kwa biashara ambayo faida yake imebaki theluthi.

Waliofaidika, kwa muda

Si kila mtu aliumia. Mfanyabiashara anayetoa sabuni, mafuta ya kupaka au vyombo vya plastiki Kenya na kuviuza Arusha au Moshi aliona neema. Katoni ya KSh 2,000 iliyokuwa ikimgharimu TSh 40,000 ilishuka hadi TSh 32,000, walau hadi viwanda vya Kenya vilipopandisha bei kufidia mafuta na malighafi za kuagizwa nje.

Wengi waliongeza oda, na baadhi wakachukua mali kauli, yaani wabebe mzigo leo na kulipa wakishauza. Hapo ndipo mtego ulipofyatuka.

Katikati ya Februari 2024, Kenya ilifanikiwa kukopa dola bilioni 1.5 kwa Eurobond mpya, kwa riba ya karibu asilimia 10, ili kulipa sehemu kubwa ya deni la zamani kabla ya Juni. Hofu iliyeyuka ndani ya siku chache. Shilingi ya Kenya, iliyokuwa zaidi ya 160 kwa dola Januari, ilikuwa karibu 131 mwishoni mwa Machi.

Magazeti yaliandika kwamba shilingi imeimarika, na ni kweli. Lakini aliyechukua mali kauli ya KSh 100,000 Januari, akijua anadaiwa TSh milioni 1.6, alijikuta mwezi Machi akitakiwa kutafuta zaidi ya TSh milioni 1.9. Aliyeuza vitunguu akahifadhi noti za Kenya chini ya godoro alipata nafuu. Aliyeshtuka akazibadilisha zote Januari alikuwa amekwisha kuikubali hasara.

Funzo halikuishia hapo. Mwishoni mwa 2024 ilikuwa zamu ya shilingi ya Tanzania kuruka. Kutoka zaidi ya TSh 2,700 kwa dola mapema Oktoba, iliimarika hadi chini ya TSh 2,450 Desemba, huku ya Kenya ikiwa imetulia karibu 129. Aliyeuza Kenya Oktoba kwa kiwango cha takriban 21 alikuta kimeteremka chini ya 19 kabla ya Krismasi. Safari hii uchumi wa Kenya haukuwa na msukosuko wa dola. Sarafu ya nyumbani tu ndiyo iliyopanda, na mwenye kuuza nje akaumia tena.

Kinachoweza kufanyika

Hakuna mfanyabiashara mdogo anayeweza kupanga kiwango cha dola. Anachoweza kupanga ni muda ambao fedha yake inakaa katika sarafu asiyoitumia nyumbani. Anayenunua mzigo kwa shilingi ya Tanzania na kuuza kwa ya Kenya hupunguza hatari akibadilisha siku ile ile, au akitumia mapato hayo kununua bidhaa za Kenya za kurudi nazo. Mzigo wa kwenda na wa kurudi husawazisha hasara, kwa kuwa kinachopotea kwenye kitunguu huokolewa kwenye sabuni.

Mali kauli inayovuka mpaka inahitaji sarafu na kiwango vitajwe siku ya makubaliano. Wawili wakiandika kwamba kiwango kikisogea zaidi ya shilingi moja watagawana tofauti, hakuna atakayelazimika kuuza pikipiki ili alipe deni la sabuni.

Kubadilisha fedha kwa watu wa barabarani hutegemea nani anajua kiwango cha siku. Benki kuu zote mbili hutangaza viwango hivyo, na kutuma fedha kati ya M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania kumewezekana tangu 2015. Kulinganisha njia tatu kabla ya kuchenji hakuchukui dakika tano.

Upo pia Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaomruhusu mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, kupata cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani na kuvuka bila kulipa ushuru wa forodha. Kwa kuwa ukomo huo ni wa dola, kiasi chake kwa shilingi hubadilika. Kwa dola ya KSh 130 ni mzigo wa KSh 260,000, na kwa dola ya KSh 160 ulikuwa KSh 320,000. Anayekwepa kwa njia za panya ili kuokoa gharama huhatarisha mtaji wote mara mbili, kwa kiwango cha fedha na kwa kukamatwa.

Hadi 2031

Viongozi wa Jumuiya walitia saini Itifaki ya Umoja wa Fedha mjini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, wakilenga sarafu moja ifikapo 2024. Mwaka huo ulifika na kupita, na lengo sasa ni 2031. Ndio ule ule mwaka ulioanza kwa kuwaonyesha wafanyabiashara wa Namanga gharama ya kuwa na sarafu mbili kwenye soko moja.

Sarafu moja nayo ina masharti yake, kwa kuwa nchi zinazoitumia sharti zidhibiti madeni na mfumuko wa bei kwa pamoja, na deni la mmoja laweza kuwa mzigo wa wote. Mjadala huo unaendelea katika ofisi za Arusha, Nairobi na Dodoma.

Kilomita zipatazo 110 kaskazini mwa Arusha, mama wa vitunguu haweki bajeti yake ya wiki hii kwa kutegemea mwaka 2031. Anauliza mambo mawili kabla ya kupakia: gunia linauzwaje Nairobi leo, na shilingi ya Kenya inachenjiwaje. Siku hizi, jibu la swali la pili analitaka kwanza.