Mpera ndani ya bidoni: mti unaohama pamoja na familia



Kama unakodi nyumba hapa Kimemi, maneno haya umekwisha kuyasikia: "Mboga munaweza kupanda. Lakini muti, apana!" Mwenye parseli anaogopa mizizi itapasua ukuta. Anaogopa tena kwamba mpangaji akipanda mti, kesho atasema kiwanja ni chake. Basi familia inakaa miaka mitano, miaka kumi, bila hata mti mmoja wa matunda. Watoto wanakula matunda siku baba anapotuma franga kutoka kwenye dhahabu, kule Manguredjipa ao Mambasa. Franga zikichelewa, matunda pia hakuna.

Na kuna wale waliokuwa na miti yao wakaiacha. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mwezi wa Oktoba 2014, watu wengi walikimbia mashamba yao wakafika Butembo mikono mitupu. Mti uliopandwa ardhini haukimbii na mwenyewe.

Mwezi huu tunapenda kukuonyesha mti unaoweza kuhama: mpera uliopandwa ndani ya chombo. Siku ya kuhama, watu wawili wanaupandisha juu ya chukudu, na safari inaendelea. Mwenye parseli hana neno.

Kwa nini mpera?

Kwanza, ni mti mvumilivu. Asili yake ni Amerika ya joto, lakini umezoea nchi yetu kama mtoto wa nyumbani. Beni, kwenye joto, unakua haraka. Butembo, kwenye milima na baridi, unakwenda polepole, lakini unazaa. Ukikatwa matawi, unachipuka tena. Mizizi yake mingi inakaa karibu na uso wa udongo, ndiyo maana inakubali chombo.

Pili, ni dawa ya sahani. Gramu 100 za mapera zina vitamini C zaidi ya miligramu 200. Chungwa lina karibu 50 tu. Vitamini hiyo inasaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyo ndani ya maharagwe na lengalenga, na chuma ndicho kinachotengeneza damu. Mama mjamzito na mtoto mdogo, wape pera pamoja na chakula, siku ile ile, meza ile ile.

Chombo gani?

Mwanzo, bidoni ya njano ya litre 20 iliyokuwa na mafuta ya kupikia inatosha. Kata sehemu ya juu, ioshe kwa sabuni na maji ya moto. Toboa chini matundu sita, kila moja kama kidole. Inua chombo juu ya mawe mawili ao matatu ili maji yatoke. Mpera unavumilia kiu kidogo, lakini mizizi ikilala ndani ya maji inaoza. Baada ya mwaka mmoja ao miwili, hamishia mti ndani ya nusu ya pipa.

Angalia sana udongo!

Hapa, wewe mke ao mume wa mchimbaji, tunaomba usome polepole.

Watu wengine wanasema: "Muchanga wa dhahabu iko safi, umeoshwa." Apana, ndugu. Mahali wanapokamata dhahabu kwa zebaki, zebaki inabaki katika mchanga na katika matope ya mto. Haiozi kama majani, wala haiishi kwa mvua moja. Mtoto anayechezea udongo ule na kutia vidole mdomoni anaweza kuumizwa ubongo na figo, na hakuna atakayejua sababu. Basi usichukue mchanga wala udongo pahali wanapoosha dhahabu. Usimwagilie kwa maji ya pale. Usipande ndani ya chombo kilichobeba zebaki, dawa ya wadudu, rangi, ao asidi ya batri, hata ukikiosha mara kumi.

Na kwa kuwa tumefika hapo: baba akirudi nyumbani na dhahabu iliyoshikana na zebaki, asiichome jikoni hata kidogo. Moshi wake hauonekani vizuri, lakini mama anauvuta, na mtoto mgongoni anauvuta. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto. Haina maana kupanda mti kwa afya ya watoto na kuleta sumu kwa mlango mwingine.

Udongo mzuri ni huu: makarai mawili ya udongo mweusi wa shamba, karai moja la mbolea ya ngombe ao ya mbuzi iliyooza miezi mitatu na zaidi, karai moja la mchanga kutoka pahali pasipo na kazi ya dhahabu. Changanya. Mbolea mbichi inachoma mizizi.

Mbegu ao tawi?

Mbegu haina gharama. Chagua pera tamu, lililoiva vizuri. Osha mbegu, ziloweshe siku moja, zipande kina cha nusu sentimita. Zinaota baada ya wiki tatu mpaka sita, na kwenye baridi zinachelewa zaidi. Lakini mti wa mbegu unaomba miaka mitatu, minne ao zaidi mbele ya kuzaa, na matunda yake hayatafanana sawasawa na ya mama yake.

Njia fupi ni ile ambayo wataalamu wa kilimo wanaita markotaje. Nenda kwa jirani mwenye mpera mzuri, omba tawi moja lenye unene wa kidole. Usilikate. Menya ganda lake kuzunguka, upana wa sentimita tatu, mpaka uone mti mweupe. Funika pale kwa udongo mbichi uliochanganywa na mbolea iliyooza, zungusha plastiki, funga juu na chini kwa kamba. Fanya hivyo wakati wa mvua. Baada ya miezi miwili hivi utaona mizizi ndani ya plastiki. Sasa kata chini ya mizizi, panda ndani ya bidoni, weka kivulini wiki mbili. Mti kama huo unaweza kuonyesha matunda ya kwanza katika mwaka wa pili.

Jua, maji na mkasi

Kwetu mvua inapenda kunyesha mchana. Basi weka mti pahali jua la asubuhi linapofika, kwa saa sita kama inawezekana. Maji: ingiza kidole katika udongo. Kidole kikitoka kikavu, nywesha. Kikitoka na udongo mbichi, ngoja. Mwezi wa Januari na wa Julai angalia kila siku.

Mti ukifika urefu wa goti, kata ncha yake ili utoe matawi ya pembeni. Mpera unachanua kwenye matawi mapya. Kila baada ya mavuno punguza matawi, usihurumie. Kila miezi miwili ongeza konzi mbili za mbolea iliyooza. Baada ya miaka miwili ao mitatu toa mti wote, kata mizizi ya pembeni upana wa vidole viwili, rudisha na udongo mpya.

Adui mkubwa ni nzi wa matunda, yule anayeleta funza. Pera likiwa dogo kama yai la njiwa, livike mfuko wa gazeti. Matunda yaliyoanguka yaokote kila siku, uyazike kina cha mkono mzima.

Neno la mwisho

Hatutaki kukudanganya: mti mmoja ndani ya chombo hautajaza kikapu cha soko. Utakupa matunda ya meza yako. Lakini fikiri: gramu ya dhahabu ikisha kuuzwa, imekwisha. Mpera ukisha kuvunwa, unajitayarisha tena.

Kumbuka mfano wa Yesu katika Injili ya Luka 13, 6-9. Mwenye shamba alitaka kukata mtini usiozaa. Mtumishi aliomba mwaka mmoja tena ili alime pembeni na kutia mbolea. Mti wako ukichelewa kwa baridi ya Butembo, uombee nawe mwaka mmoja. Na kila mtoto wa nyumba umpe siku yake ya kunywesha, hata yule ambaye baba yake hayupo. Baba akirudi, mtoto atakuwa na kitu cha kumwonyesha.