Paka Mwenye Leukemia Fort Ternan: Shilingi ya Kwanza Iende Wapi?

Mwenye paka mgonjwa hapa Fort Ternan ana barabara mbili za kuchagua. Apande Kericho kwenye baridi ya majani chai, au ateremke Koru na Muhoroni katikati ya miwa hadi Kisumu. Ya tatu, fupi kuliko zote, humpeleka agroveti ya hapo senta, ambako rafu zimejaa dawa za ng'ombe na za paka ni za kuhesabu. Wengi huanzia hapo, hununua sindano ya antibiotiki na dawa ya minyoo, husubiri wiki mbili, kisha hupanda matatu paka akiwa mifupa mitupu. Wakati huo pesa ya kipimo imeshaliwa na nauli na dawa za kubahatisha.

Ugonjwa wenyewe ni leukemia ya paka. Huletwa na virusi ambavyo William Jarrett na wenzake walivigundua Glasgow, Scotland, mwaka 1964. Hauna dawa ya kuuponya, na hilo ndilo linalobadilisha hesabu yote. Katika ugonjwa unaopona, dawa ghali huenda ikawa na faida. Katika huu, kinachonunulika ni vitu viwili: uhakika wa kinachomuua paka, na maisha mazuri kwa muda uliobaki. Kila shilingi ipimwe kwa mizani hiyo.

Ugonjwa kwa ufupi

Virusi hupita hasa kwenye mate: paka wakilambana, wakila bakuli moja, wakiumana. Mama huwaambukiza watoto tumboni na kwa maziwa. Watoto wa paka ndio hushikwa kwa urahisi zaidi. Paka mkubwa mwenye afya ana uwezo mkubwa wa kuvizuia. Havimwambukizi binadamu wala mbwa. Nje ya mwili hufa upesi, na maji ya sabuni au Jik kidogo vinatosha kuvimaliza kwenye bakuli na sakafu.

Si kila aliyeambukizwa huugua. Mwili wa paka mwingine huvifukuza kabisa. Wa mwingine huvifungia ndani, akaishi miaka bila dalili. Kundi la tatu ndilo lenye shida: virusi huendelea kuzaana, kinga inaporomoka, damu inapungua, na wengine hupata saratani ya tezi za limfu. Wengi wa kundi hili huishi miaka 2 hadi 3 tangu wagunduliwe, na wadogo mara nyingi hawafiki hapo. Miaka 2 ni sehemu kubwa ya maisha ya paka wa shambani. Jibu la kipimo pekee si sababu ya kumuua leo.

Kipimo: paka asafiri au damu isafiri?

Kipimo cha kliniki ni kijisanduku cha plastiki chenye herufi FeLV, mara nyingi pamoja na FIV, ambavyo ni virusi vingine. Matone machache ya damu, dakika kama kumi, na rangi hujitokeza. Kliniki nyingi za miji midogo hazikiweki kwa sababu wateja wake ni ng'ombe, na kipimo kina tarehe ya kuharibika. Piga simu kabla ya kupanda gari. Uliza maswali matatu: kipimo kipo leo? Bei ni pamoja na ada ya kumwona daktari? Jibu likiwa na shaka, kurudia ni bei gani?

Ukikikosa Kericho, usikimbilie Nairobi na paka kwenye kapu. Damu inaweza kusafiri peke yake. Daktari wa karibu huitoa, huiweka kwenye chupa ndogo ya kifuniko cha zambarau yenye dawa ya kuzuia damu kuganda, nayo hukaa siku kadhaa kwenye ubaridi wa friji bila kugandishwa kuwa barafu. Ifungwe kwenye chombo chenye vipande vya barafu, ipelekwe kwa huduma ya vifurushi hadi kliniki iliyokubali kuipokea. Ukiweka nauli yako ya kwenda na kurudi, siku uliyokosa kazini na paka aliyetapika njiani upande mmoja, na ada ya kifurushi upande wa pili, kifurushi hushinda karibu kila mara. Paka asafiri pale tu anapohitaji matibabu ambayo hayapatikani karibu.

Jibu moja la "ndiyo" kwa paka anayeonekana mzima halitoshi. Rudia baada ya wiki 6 hadi 12, au uombe kipimo cha maabara cha aina nyingine. Jibu la "hapana" kwa paka aliyeumwa juzi na dume la jirani nalo lirudiwe baada ya siku 30. Kwa hiyo bajeti ya kipimo iwe ya mara mbili.

Kabla hujalaumu leukemia

Inua mdomo wa juu wa paka, uangalie fizi penye mwanga wa mchana. Fizi za paka mwenye afya ni za waridi. Ukizibonyeza kwa kidole huwa nyeupe, kisha rangi hurudi kwa sekunde mbili hivi. Zikiwa nyeupe muda wote, damu imepungua. Lakini leukemia si mwizi pekee wa damu. Viroboto wengi humkausha mtoto wa paka. Minyoo pia. Na kuna vijidudu vya Mycoplasma vinavyong'ang'ania chembe nyekundu za damu, vinavyowapata paka wenye leukemia na wasio nayo.

Vijidudu hivyo hutibika kwa doksisiklini, mojawapo ya antibiotiki za bei nafuu kabisa katika kemisti. Kipimo cha kawaida ni miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, kwa wiki kadhaa; paka wa kilo 4 anahitaji miligramu 40, wakati kidonge cha binadamu kina 100. Kugawanya ni kazi ya daktari, usikate kwa wembe jikoni. Kila dozi ifuatwe na mililita 5 au 6 za maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa sababu kidonge kikikwama kooni huchoma umio na kuacha kovu linaloziba chakula.

Kericho kuna maabara ya serikali ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo, ambako kusoma slaidi za damu ya ng'ombe ni kazi ya kila siku. Mwulize daktari wako kama watapokea slaidi ya paka. Bei ya slaidi ni ndogo, nayo inaweza kukuonyesha ugonjwa unaotibika kabla hujatumia maelfu.

Gharama za mamia

Hapa ndipo penye faida kubwa, na kila kitu kinapatikana Fort Ternan.

Cha kwanza ni kumfungia ndani. Paka aliyeathirika akizurura, huwaambukiza wa majirani na huokota kila homa ya mtaani wakati kinga yake ni dhaifu. Chumba kimoja, waya wa kuku dirishani, beseni la unga wa mbao kutoka kwa seremala badala ya choo cha dukani. Wenye paka wa kulinda stoo ya mahindi wana ugumu wa kweli hapa: mlinzi akifungiwa, panya wanasherehekea. Tafuta paka wa pili aliyepimwa na kuchanjwa kwa kazi ya stoo, umstaafishe mgonjwa nyumbani. Bakuli zao zisichanganywe.

Cha pili ni chakula. Kilo moja ya chakula kikavu cha paka kutoka supamaketi humtosha paka wa kilo 4 siku 17 hadi 20, kwa gramu 50 hadi 60 kwa siku. Gawanya bei ya kilo kwa siku hizo, kisha linganisha na omena na matumbo. Kwa kawaida omena hushinda kwa bei, chakula cha dukani hushinda kwa ukamilifu wa virutubisho, na mchanganyiko wa vyote viwili ndio unaomfaa mwenye kipato cha kawaida. Omena ioshwe mchanga, ichemshwe, na mchuzi wake usimwagwe, kwa kuwa taurini ambayo moyo na macho ya paka huitegemea hutoka na maji. Maini mara moja moja, si kila siku. Ugali uliotiwa mchuzi hujaza tumbo tu. Paka ni mla nyama. Na usimpe nyama mbichi: bakteria ambao paka mzima huwahimili humlaza huyu.

Cha tatu ni dawa ya minyoo na viroboto iliyoandikwa kwamba ni ya paka. Dawa ya kuogeshea ng'ombe na ile ya mbwa yenye permetrini humtia paka degedege na kumuua.

Gharama za maelfu

Ngazi hii ina vitu vitatu vinavyostahili: ada ya daktari na kipimo, kuhasi dume au kumfunga jike uzazi, na kutibu maradhi yanayojitokeza. Upasuaji wa uzazi hulipwa mara moja. Jike asiyefungwa anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na watoto wa mama mwenye virusi wengi hufa au hukua wakiwa wameambukizwa. Dume asiyehasiwa hutoka usiku kupigana. Ukijumlisha, upasuaji mmoja ni nafuu kuliko mwaka wa majeraha na vitoto vinavyozikwa.

Hakikisha anayepasua amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na uulize kama bei ni pamoja na dawa ya usingizi na ya maumivu. Bei rahisi isiyo na dawa ya maumivu ni bei isiyokamilika. Paka wawili au watatu wa jirani wakipelekwa siku moja, gharama ya gari hugawanwa, na madaktari wengine hupunguza ada.

Chanjo ya leukemia nayo iko hapa, lakini humfaa tu paka ambaye hajaambukizwa. Kwa aliyeathirika ni pesa iliyotupwa. Hutolewa dozi mbili, wiki 3 hadi 4 baina yake, kuanzia umri wa wiki 8, kisha nyingine baada ya mwaka. Usidhani imo ndani ya chanjo ya kawaida ya paka: ile ya magonjwa matatu haina leukemia, wala ya kichaa cha mbwa haina. Soma kijitabu cha chanjo. Kwa mgonjwa wa leukemia chanjo ya kichaa cha mbwa ibaki palepale, kwa kuwa hiyo inalinda nyumba nzima.

Gharama za makumi ya maelfu

Hapa kuna kuongezewa damu, dawa za saratani, interferoni, na dawa za kupunguza makali ya virusi. Damu hununua siku au wiki chache. Ina maana pale tu chanzo cha kupungukiwa kinatibika. Dawa za saratani zinaweza kurefusha maisha, lakini paka mwenye virusi hivi hupata muda mfupi kuliko asiye navyo, na kila dozi ni safari nyingine ya mbali. Kwa mkazi wa Fort Ternan, nauli na kulala Nairobi vyaweza kufikia bei ya dawa yenyewe.

Swali la ARV huulizwa sana, kwa kuwa virusi hivi ni vya ukoo mmoja na vya Ukimwi. Zidovudini imejaribiwa kwa paka. Faida yake kwa leukemia ni ndogo, na madhara yake makuu ni kupunguza damu, ambayo ndiyo paka huyu anaikosa. Zaidi ya hayo, vidonge vya kliniki vina mwenyewe anayevihitaji. Ngazi hii yote ipite, isipokuwa pesa si tatizo na daktari ameeleza waziwazi utapata miezi mingapi.

Vya bure vilivyo ghali

Paracetamol ya nyumbani inagharimu shilingi chache, na kidonge kimoja kinatosha kumuua paka. Ibuprofeni ni hivyohivyo. Kumtupa paka sokoni au stesheni hakuna gharama kwako, bali majirani watalipa kwa paka wao. Kumwekea sumu au kumzamisha ni ukatili, na Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.

Anapokataa chakula siku kadhaa, anapohema akiwa amelala, fizi zikabaki nyeupe baada ya matibabu, sindano ya daktari ya kumlaza moja kwa moja ndiyo huruma. Uliza bei yake mapema, pamoja na ya daktari kuja nyumbani kwa boda boda, usije ukaitafuta usiku wa manane. Baada ya hapo osha bakuli na sakafu. Virusi havibaki nyumbani miezi kama wengi wanavyohofu. Paka mpya apimwe na achanjwe kwanza, kisha aingie.

Uamuzi wetu

Mwenye paka mmoja na pesa kidogo: kipimo, waya wa dirisha, omena na dawa ya minyoo. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya matunzo anayoweza kupewa paka huyu popote duniani.

Mwenye paka kadhaa: pima wote siku moja, tenga walioathirika, chanja waliobaki. Usianze na chanjo kabla ya kipimo.

Mwenye pesa nyingi: fanya hayo yote kwanza, uongeze upasuaji wa uzazi na uchunguzi wa daktari kila miezi sita. Kitakachobaki mfukoni, wachanjie majirani paka wao. Hiyo itamlinda paka wako ajaye kuliko interferoni yoyote.